Kikoa kilichozimwa siku ya kumi na sita

Simu iliingia mapema, kabla sijanywa chai. "Kaka, tovuti imekufa. Barua pepe nazo haziendi. Kijana aliyenitengenezea anasema seva ina hitilafu, wenye seva wanasema kwao kuko shwari. Sasa mimi nimshike nani?"

Aliyepiga ni mshonaji wa mapazia na mashuka, na siku mbili kabla ya hapo alikuwa ametoka kuchukua kadi zake za biashara kwa mpiga chapa, boksi zima. Jina la tovuti alilonunua, yaani kikoa, sitalitaja. Humu nitaliita example.com, jina lililotengwa rasmi tangu 1999 kwa ajili ya mifano tu, nisije nikamwingiza mtu kwenye kesi isiyomhusu.

Kisa chake nakieleza kwa kirefu kwa sababu hakuna uzembe ndani yake. Kila alichokifanya ni kitu ambacho mtu mwenye akili timamu angekifanya. Kilichomponza ni mfuatano: alianza na yanayoonekana, tovuti na kadi, na yale yanayomfanya awe mwenye jina hilo kweli akayaacha yajiendee.

Siku kumi na tano za mwanzo

Siku ya kwanza alinunua jina. Fomu ya msajili, yaani kampuni iliyomuuzia jina, ikamuuliza jina kamili, anwani, simu na barua pepe ya mmiliki. Kwenye barua pepe akaandika info@example.com, kwa kuwa hiyo ndiyo anwani aliyotaka wateja waijue. Sanduku hilo halikuwepo, na lisingeweza kuwepo, maana kikoa chenyewe kilikuwa bado hakijalipiwa. Fomu haikubisha. Ikaichukua anwani ileile iwe pia jina la kuingilia kwenye akaunti, malipo yakapita, skrini ikampongeza.

Siku ya nne akalipia sanduku la barua kwa kampuni nyingine, akafuata maelekezo yao, akaongeza rekodi mbili tatu, na info@example.com ikaanza kupokea barua. Siku ya tisa kijana wa tovuti akamaliza kazi, akaomba nywila ya akaunti, akabadili seva za majina zielekee kwenye kampuni inayohifadhi tovuti. Tovuti ikafunguka. Wote wakafurahi. Siku ya kumi na sita, asubuhi, kimya.

Ukisikiliza vizuri, tayari kuna wahusika watatu: msajili aliyeuza jina, wenye sanduku la barua, na wenye seva ya tovuti. Kwa mnunuzi wote hao ni "intaneti yangu". Ndiyo maana kila mmoja aliweza kusema kwake kuko shwari, na kila mmoja akawa anasema kweli.

Tulivyotafuta chanzo

Seva sikuigusa kwanza. Niliomba namba yake ya IP, nikaiita moja kwa moja bila kupitia jina, ikajibu papo hapo. Basi seva ilikuwa hai. Nikauliza DNS, mfumo unaogeuza majina kuwa namba za seva, uniambie example.com iko wapi, jibu likarudi NXDOMAIN, yaani jina hili halipo. Hilo ni jibu zito. Kama seva za majina zingekuwa zimelala, ningepata ukimya au hitilafu. Hapa seva za .com zenyewe zilikuwa zinakana kwamba jina hilo lipo.

Je, lilikuwa limefutwa? Nikatazama taarifa za usajili kwa RDAP, huduma iliyochukua rasmi nafasi ya WHOIS kwa vikoa vya aina hii Januari 2025. Tarehe ya kuisha ilikuwa mwaka unaofuata. Msajili ni yuleyule. Chini yake, kwenye mstari wa hali, neno moja: clientHold.

Neno hilo lina maana mbili zilizobanana. Hold maana yake jina limeondolewa kwenye orodha inayotangazwa kwa dunia, ingawa bado ni mali ya aliyelisajili. Na client hapa si mteja wa dukani, ni msajili. Hali zote zinazoanza na client zimewekwa na msajili. Zinazoanza na server zimewekwa na wenye rejista kuu ya .com yote. Kwa hiyo swali la dada yule, nimshike nani, lilipata jibu lake kwenye herufi sita za mwanzo. Amshike msajili.

Na msajili alikuwa ametimiza wajibu wake. Mkataba kati ya wasajili na ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, ule wa 2013, unamtaka msajili athibitishe barua pepe au simu ya mmiliki ndani ya siku 15 tangu usajili. Kawaida anatuma barua yenye kiungo, unabofya, yameisha. Usipobofya, ama akuhakikishe kwa njia nyingine, ama alisimamishe jina. Vikoa vya nchi vina kanuni zao, lakini .com, .org, .net na wenzao wengi wako chini ya hiyo.

"Mbona hawakuniandikia?" akaniuliza.

Walimwandikia mara tatu. Barua ya kwanza ilitumwa dakika ileile aliponunua, kwenda kwenye sanduku ambalo halikuwepo, ikagonga ukuta. Ya pili siku ya kumi, ya tatu siku ya kumi na tatu. Hizi mbili zingeweza kufika, kwa sababu sanduku lilikuwepo tangu siku ya nne. Hazikufika kwa sababu ya jambo lililotokea siku ya tisa, na hapa ndipo penye utamu wa kisa hiki, ukiweza kukiita kitamu.

Daftari lililohama na kurasa zake

Kijana alidhani amehamisha tovuti. Kumbe alihamisha daftari zima.

Seva za majina ni daftari la anwani la kikoa. Mstari mmoja, rekodi ya A, unasema tovuti iko kwenye seva gani. Mstari mwingine, MX, unasema barua zipelekwe wapi. Mistari ya TXT inabeba vithibitisho vya hapa na pale. Ukibadili seva za majina hurekebishi mstari. Unaiambia dunia iache kusoma daftari lile, ianze kusoma hili jingine. Yaliyoandikwa kwenye la zamani hayakufuati. Daftari jipya la wenye seva ya tovuti lilikuwa na mistari yake ya kuanzia, na mstari wa MX ulisema barua ziletwe kwao. Kwao hakukuwa na sanduku lolote la info. Kila barua iliyokuja ikakataliwa mlangoni.

Angetaka kuhamisha tovuti tu, angebadili rekodi ya A kwenye daftari la zamani, mstari mmoja, dakika mbili. Ukilazimika kweli kubadili daftari, nakili mistari yote ya zamani kwenye jipya kwanza, ndipo ubadili. Mimi huwa napiga na picha ya skrini ya ukurasa mzima, kwa kuwa nimewahi kuamini kumbukumbu yangu na ikanitupa.

Nilimuuliza dada kama alihisi chochote kati ya siku ya tisa na ya kumi na sita. Alikaa kimya kidogo. "Nilikuwa nawatumia watu bei, hakuna anayejibu. Nikadhani ni mwezi mbaya tu." Kutuma kulikuwa kunakwenda, maana barua zilitoka kwa ile kampuni ya sanduku bila shida. Majibu ndiyo yaliyokuwa yanaishia mlango usio wake. Siku ya kumi na sita jina lilipozimwa, hata kutuma kukafa, kwa kuwa seva nyingi hukataa barua kutoka kikoa wanachoambiwa hakipo. Kama msajili asingelizima jina, huenda angemaliza miezi akiulaumu msimu.

Kutoka kwenye mduara

Tazama jinsi alivyofungiwa. Ili kikoa kiwake, abofye kiungo. Kiungo kinatumwa info@example.com. Info@example.com haipokei chochote mpaka kikoa kiwake. Kurekebisha MX hakukusaidia kitu, kwa sababu hakuna aliyekuwa analisoma daftari lolote, jipya wala la zamani.

Njia iliyobaki ilikuwa kubadili barua pepe ya mmiliki. Kuingia kwenye akaunti kulihitaji nywila, naye aliisahau, na kiungo cha kurejesha nywila kinatumwa, bila shaka, info@example.com. Kilichotuokoa ni kivinjari cha simu yake kilichokuwa kimeihifadhi. Tukaingia, tukaweka barua pepe yake binafsi. Mfumo ukasema vizuri, tumetuma ombi la uthibitisho kwenye anwani mpya na ya zamani. Ya zamani tena! Kubadili barua pepe ya mmiliki huhesabiwa kama kubadili mmiliki, na kanuni inataka pande zote mbili zikubali, kusudi mwizi aliyeingia kwenye akaunti asijitangaze mwenye mali kimyakimya. Kanuni nzuri. Siku hiyo ilikuwa inatukaba sisi.

Tukawaandikia wahudumu wa msajili. Nilimshauri asilalamike, aeleze kwa mistari michache: anwani ya zamani haijawahi kupokea barua, hii hapa risiti ya malipo yenye jina langu, hiki hapa kitambulisho, naomba mnihakikishe kwa njia nyingine. Wakampigia kwenye namba ya simu aliyoandika siku ya kununua, wakauliza maswali mawili, na kesho yake mchana clientHold ikaondoka. Namba ya simu ilikuwa ya kweli. Kuna watu huandika hata namba ya simu ya uongo kwa kuogopa kusumbuliwa na matangazo. Kwa hao sijui tungeanzia wapi. Wasajili wengi sasa huficha taarifa za mmiliki zisionekane hadharani, kwa hiyo sababu ya kudanganya kwenye fomu imebaki ndogo sana.

Jina liliporudi, kwenye simu yake tovuti ilifunguka na kwenye kompyuta ya karakana ikagoma. Kijana akasema tusubiri saa 48. Usemi huo nimeuchoka, ingawa una asili yake: rekodi za seva za majina kwenye .com hukaa kwenye kumbukumbu za watu kwa sekunde 172,800, ambazo ni saa 48 kamili. Lakini jibu la "jina halipo" hutunzwa kwa muda mfupi zaidi, kwa .com sekunde 900. Tulikunywa chai, tukarudi, ikafunguka.

Tulivyoanza upya, kwa mpangilio

Jambo la kwanza halikuwa tovuti wala MX. Lilikuwa akaunti ya msajili. Barua pepe ya kuingilia na ya mmiliki zote zikawa anwani iliyo nje ya kikoa hiki. Hilo nalishikilia kuliko yote: ufunguo wa akiba wa nyumba haufungiwi ndani ya nyumba hiyohiyo. Nywila mpya, uthibitishaji wa hatua mbili, na zile namba za dharura ambazo mfumo hutoa mara moja tu akaziandika kwa kalamu kwenye daftari lake la vipimo, ukurasa wa mwisho. Kijana akapewa ruhusa yake ya kuhariri rekodi tu, bila nywila ya mwenye mali. Alinuna kidogo, kisha akakiri kwamba hata yeye hapendi kuwa mtu wa kwanza kushukiwa.

Halafu tukahakikisha kufuli la uhamisho limefungwa, hali iitwayo clientTransferProhibited. Kikoa kipya kwa kawaida hakihamishwi kwa msajili mwingine ndani ya siku 60 za mwanzo, ila baada ya hapo kufuli hilo na msimbo wa uhamisho ndivyo vinavyobaki kumzuia mwizi. Januari 2005 Panix, kampuni ya huduma za intaneti ya New York, ilinyang'anywa panix.com mwisho wa wiki, barua za wateja wake zikaelekezwa kwingine mpaka jina liliporudishwa. Nao walikuwa watu wa fani hii.

Kuhuisha. Tuliwasha kujihuisha kiotomatiki, na nikamwambia aangalie pia tarehe ya mwisho ya kadi yake ya benki, kwa sababu mfumo hauwezi kukata kwenye kadi iliyokufa. Desemba 1999 Microsoft walisahau kulipia passport.com, watu wakashindwa kuingia Hotmail, huduma yao ya barua pepe, na mtaalamu mmoja wa programu asiyehusika nao akawalipia dola 35 kwa kadi yake. Kwa .com, muda ukipita msajili anaweza kukuvumilia hadi siku 45, ingawa wengi hukata mapema zaidi. Jina likishafutwa linaingia siku 30 za kukomboa, na ukombozi huo ni ghali mara nyingi kuliko ada ya kawaida. Kisha siku 5 za kusubiri kufutika, na baada ya hapo ni la yeyote atakayewahi.

Ndipo tukaingia kwenye daftari. Rekodi ya A ilikuwa sahihi. MX tukairudisha kwa wenye sanduku la barua. Nilijituma barua kutoka anwani tatu tofauti nikiwa nimekaa naye, na ilipoingia ya kwanza akaisoma kwa sauti kama telegramu.

Kwenye SPF palikuwa na mtego mmoja wa kuuona kwa karibu. SPF ni mstari wa TXT unaotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Daftari jipya lilikuwa na wake tayari, kijana akabandika wa kampuni ya barua chini yake:

v=spf1 include:tovuti.example.org ~all
v=spf1 include:barua.example.net ~all

Kila mmoja peke yake ni sahihi. Miwili pamoja ni hitilafu: kanuni inasema kikoa kiwe na mstari mmoja tu wa SPF, na anayekuta miwili anaihesabu kuwa imeharibika yote. Matokeo yake ni mabaya kuliko hata kukosa kabisa, kwa kuwa unaamini umejilinda. Tukaunganisha:

v=spf1 include:tovuti.example.org include:barua.example.net ~all

Tovuti tuliiacha humo kwa sababu fomu ya maulizo ya wateja hutuma barua kutoka huko. Tukawasha DKIM, sahihi inayogongwa kwenye kila barua inayotoka, na DMARC, mstari unaowaambia wapokeaji wafanye nini na barua isiyopita vipimo hivyo, tukaianzisha kwa p=none, yaani tupate taarifa tu bila kukataa chochote, mpaka tuone nani hasa anatuma kwa jina letu. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanataka kila mtumaji awe walau na SPF au DKIM, na wanaotuma kwa wingi wawe na vyote vitatu. Mtu anayetuma bei za mapazia kumi kwa siku hahesabiwi kuwa wa wingi, ila barua ikiangukia kwenye taka, mteja haji kukuambia.

Cheti cha usalama hakikuwa na kazi kubwa. Kilikuwa cha Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo bure, cha siku 90, kinajihuisha chenyewe. Tulihakikisha tu kwamba anwani yenye www na isiyo nayo zote zinafunguka na moja inaelekeza kwa nyingine. Yeye aliuliza kama anunue na .net na .org na majina manne yanayofanana na lake. Nilimkatalia. Majina saba ni tarehe saba za kukumbuka, na ndio kwanza alikuwa amejifunza moja.

Jumla ya kazi yote hiyo, ukiondoa kuwasubiri wahudumu, ilikuwa saa tatu hivi. Ingefanywa siku ya kwanza, kabla ya kadi, ingekuwa chini ya saa moja.

Wiki tatu baadaye akanitumia picha ya skrini. Barua ilikuwa imeingia info@example.com, ina nembo na mhuri, inasema "usajili wa kikoa chako kwenye mitambo ya utafutaji" unaisha na alipe ndani ya saa 24. Chini ya picha aliandika: "Huyu si msajili wangu. Msajili wangu ananiandikia kwenye ile nyingine. Na nimeangalia RDAP, bado nina miezi kumi na moja. Niifute?"

Nikamjibu afute.